Je, Wajua? Bia Inatakataje

Jikoni kwa rafiki yangu, ghorofa ya pili, Makongeni, Thika, kuna ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kukaza. Kwa wiki mbili ilikuwa ikichacha polepole nyuma ya mlango, ikitoa mapovu kupitia mrija mwembamba uliochovywa kwenye chupa ya maji. Jumamosi alinijazia gilasi, akawasha tochi ya simu na kuishika nyuma yake. Mwanga haukupenya. Ladha ilikuwa nzuri, harufu ilikuwa ya mkate mpya, lakini gilasi ilikuwa na rangi ya maji ya Mto Thika baada ya mvua za Aprili. Aliniuliza afanyeje itakate. Jibu lilinipeleka mbali kuliko nilivyodhani: Mwanza, Paje, Beni, Kariandusi. Vitu vinavyoing'arisha bia ya dunia vimekuwa vikitoka kwetu miaka yote hii.

Je, wajua kwamba ukungu wa bia hauna sababu moja? Zipo angalau tatu. Ya kwanza ni hamira yenyewe, ambayo bado inaelea baada ya kumaliza kazi yake. Ya pili ni wanga ambao haukugeuka sukari wakati kimea kikilowekwa kwenye maji ya moto. Ya tatu ndiyo inayowasumbua wengi: protini za nafaka zinashikana na tanini, yaani ule ukakasi wa maganda ya nafaka na wa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, na kufanya chembe ndogo mno zinazotawanya mwanga.

Je, wajua kwamba friji inaweza kukuambia ukungu wako ni upi? Jaza gilasi bia inayoonekana safi, iache kwenye friji usiku kucha. Asubuhi ikiwa na ukungu, kisha ikarudi kung'aa inapopata joto la mezani, hiyo ni protini na tanini. Zinashikana kwenye baridi na kuachana kwenye joto. Ikibaki na ukungu baridi na moto, tafuta sababu nyingine. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na ningependa kila mtu aanze nacho kabla ya kununua paketi yoyote.

Je, wajua kwamba bia hung'arishwa kwa umeme? Si umeme wa nguzo. Ndani ya bia, seli za hamira zina chaji hasi kwenye ngozi yake, na kwa kuwa zote ni hasi zinasukumana na kuendelea kuelea. Ukitia kitu chenye chaji chanya, zinakikimbilia na kukishika, zinakuwa bonge, bonge linakuwa zito, linazama. Basi kila king'arishi kina upande wake: jelatini na kibofu cha samaki ni chanya, vinakamata hamira, mwani ni hasi, unakamata protini. Anayetia mwani kwenye bia iliyokwisha kuchacha akitegemea hamira izame anamtuma seremala kushona nguo.

Je, wajua kwamba ukubwa wa chembe ukiongezeka mara mbili, kasi ya kuzama huongezeka mara nne? Hesabu hiyo iliandikwa mwaka 1851 na mwanahisabati George Gabriel Stokes. Seli moja ya hamira ina upana wa takriban mikroni 5 hadi 10, ndogo kiasi kwamba kuzama kwake kwenye ndoo ni safari ya siku kadhaa. Zikishikana kumi kwa upana, kwa hesabu hiyo hiyo zinashuka mara mia kwa haraka. King'arishi hakiondoi kitu chochote kwenye bia. Kinakusanya tu, kisha uzito unamaliza kazi.

Je, wajua kwamba sangara wa Ziwa Viktoria ameng'arisha bia ya Waingereza? Samaki huyu tunamwita mbuta huku Kenya, na Tanzania ni sangara. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na anaweza kufikia urefu wa mita mbili. Ndani ya tumbo lake kuna kibofu cha hewa kinachomsaidia kupanda na kushuka majini. Mwanza wanakiita bondo. Ukikishika kikiwa kibichi ni cheupe, kinateleza, kizito kuliko unavyotarajia. Kikikaushwa juani kinageuka rangi ya asali na kuwa kigumu kama pembe. Ndani yake ni kolajeni tupu, na kolajeni hiyo ikiyeyushwa kwenye asidi nyepesi inabeba chaji chanya kwa wingi. Kiasi chake kidogo kinaikusanya hamira ya pipa zima ndani ya siku moja au mbili.

Kwa karne nyingi kazi hii ilifanywa na kibofu cha samaki wa Urusi aitwaye sturgeon, na bei yake haikushikika. Mwaka 1795 Mskoti William Murdoch, yule yule aliyewasha taa za gesi, alipata njia ya kutumia samaki wa kawaida wa bahari ya kaskazini aitwaye cod. Cha Mrusi kilikuwa shilingi 25 kwa ratili, chake kilikuwa shilingi moja, na watengenezaji bia wa London walimlipa pauni 2,000 kwa haki ya kukitumia. Zamu ya ziwa letu ilikuja baadaye sana. Mabondo makavu yalisafirishwa Uingereza kwa ajili ya bia na divai, na Hong Kong na China kwa ajili ya supu. Leo soko la supu ndilo lenye nguvu, na bondo lina bei ghali kuliko mnofu uliolizunguka. Anayepasua samaki kwenye mialo ya Kisumu anajua hilo vizuri: kisu kinapita polepole zaidi anapofika hapo.

Je, wajua kwamba Guinness iliacha kibofu cha samaki? Kampuni ilitangaza mwaka 2015 kwamba kiwanda chake cha Dublin kitabadili njia ya kuchuja, na bia ya mapipa ikawa bila kibofu hicho kufikia 2017. Waliosukuma mabadiliko hayo ni watu wasiokula kitu chochote cha mnyama. Hawakutaka kunywa bia iliyopitia kwa samaki hata kama samaki mwenyewe amebaki chini ya tangi.

Je, wajua kwamba mwani wa Paje unaweza kufanya kazi sufuriani? Vitabu vya bia vya Wazungu vinataja mmea wa pwani za Ireland, unaotiwa dakika 15 za mwisho za kuchemsha. Kinachofanya kazi ndani yake ni karajinani, utelezi ule ule unaopatikana kwenye mwani wa Zanzibar. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo kimekuwa mikononi mwa wanawake zaidi ya wanaume. Maji yakipwa, wanatoka na kamba na vigingi, wanafunga vipande vidogo vya mwani kimoja kimoja, na baada ya kama wiki sita wanavuna. Kwetu Kenya kazi hiyo ipo Kibuyuni, kusini mwa Kwale.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa uchungu. Kuna aina mbili za mwani huo. Aina inayoitwa kotonii ina karajinani ngumu, ndiyo inayoshika protini za bia vizuri, na ndiyo yenye bei. Nyingine, spinosamu, ina karajinani laini na bei yake ni ya chini. Bahari imekuwa ikipata joto, kotonii inaoza kwenye kamba, na wakulima wengi Unguja wamebaki na ile ya bei ndogo. Mwani mkavu unaondoka kwa meli kama gunia la malighafi, unarudi ukiwa kidonge kidogo cha kijani au unga ndani ya paketi inayouzwa kwa bei ya kifahari. Ukikidondosha kidonge hicho kwenye sufuria yako Makongeni, mkumbuke aliyeinama majini.

Je, wajua kwamba papai bichi lilitangulia mashine za kisasa? Kila mpishi wa mishkaki wa Pwani anajua: paka nyama papai bichi na italainika. Kilichomo ndani ni papaini, kimeng'enya kinachokata protini vipande vipande. Mwaka 1911 Leo Wallerstein wa Marekani alipata hataza za kutumia vimeng'enya vya namna hiyo kwenye bia ili isiingie ukungu ikiwekwa kwenye baridi. Protini ikishakatwa haina tena cha kushikia tanini. Kwa miaka mingi papaini iliyokwenda viwandani ilitoka Afrika Mashariki na Kongo, na eneo la Beni, Kivu Kaskazini, limejulikana sana kwa zao hilo. Mkulima anachanja tunda bichi likiwa bado mtini, mistari ya juu juu tu, asubuhi mapema. Utomvu mweupe unadondoka, unakingwa, unakaushwa, unakuwa unga. Kasoro yake ni moja: ukizidisha, papaini inazikata pia protini zinazoshikilia povu, na bia inakuwa kimya kama soda iliyolala wazi.

Je, wajua kwamba nanasi la Thika linaweza kuiharibu jelatini yako? Hili ni la wenyeji hasa. Nanasi lina kimeng'enya cha aina hiyo hiyo, bromelaini. Ndiyo maana jeli ya watoto haigandi ukitia vipande vya nanasi bichi, lakini inaganda ukitia la mkebe, kwa sababu moto wa kiwandani umekwisha kuua kimeng'enya. Jelatini ni protini. Anayetengeneza kinywaji cha nanasi kwa maji ya tunda lisilopikwa, kisha akatia jelatini ili kitakate, anaweza kuona jelatini ikikatwakatwa kabla haijakamata chochote. Kwenye mashamba yanayoonekana ukipita barabara ya Garissa, nanasi ni kitu cha kila siku, basi watu wengi watajaribu. Chemsha maji ya nanasi kwanza, yaache yapoe, ndipo uendelee.

Je, wajua kwamba bia nyingi duniani hupita kwenye makombe ya viumbe waliokufa zamani? Kariandusi, karibu na Ziwa Elmenteita, kuna mgodi wa udongo mweupe mwepesi ajabu. Kipande cha ukubwa wa tofali unakiinua kwa vidole viwili. Ni diatomaiti: maganda ya silika ya mimea midogo ya majini iliyoishi ziwani hapo enzi ambazo ziwa lilikuwa kubwa zaidi. Maganda hayo yana vitundu, na bia ikipitishwa kwenye tabaka lake, hamira inabaki nyuma. Louis Leakey alichimba mashoka ya mawe ya watu wa kale mahali hapo hapo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu, kwa hiyo huo si mchezo wa jikoni.

Je, wajua kutia jelatini bila kuharibu? Rafiki yangu alifanya hivi, nikiwa nimesimama kando. Bia ilikaa friji siku mbili kwanza, kwa sababu jelatini hufanya kazi vyema bia ikiwa baridi, chini ya nyuzi 10. Alinyunyiza kijiko kimoja cha chai cha jelatini isiyo na ladha wala rangi kwenye nusu kikombe cha maji baridi, hicho kikitosha lita 20. Akangoja dakika 10 hadi ivimbe na kuwa kama macho ya samaki. Akaipasha moto polepole huku akikoroga, mpaka ikayeyuka yote na maji kuwa angavu, kama nyuzi 65 hadi 70. Hakuichemsha: ikichemka nyuzi zake zinakatika na nguvu inapotea. Akamimina juu ya bia, akakoroga mara moja kwa upole, akafunika.

Tuliigawa kidogo kwenye chupa ya glasi ili tuone. Kwa dakika chache hakuna kitu. Kisha kitu kama moshi kikaanza kujikunja katikati ya chupa, moshi ukakatika vipande kama maziwa yaliyoharibika, na vipande vikaanza kushuka vikifuatana. Tulikaa mezani tukitazama kwa muda mrefu kuliko watu wazima wanavyopaswa kutazama chupa. Siku chache baadaye, usiku, aliniita. Tochi ilipita hadi upande wa pili na kuchora duara ukutani.

Je, wajua kwamba shabu ni ya maji, si ya bia? Bibi zetu walizungusha jiwe la shabu kwenye mtungi wa maji ya tope na yakatulia. Mbegu za mlonge zilizopondwa hufanya vivyo hivyo. Kanuni ni ile ile ya chaji kuvutana, lakini shabu ni chumvi ya aluminiamu, na maji yaliyokwisha kutulia humiminwa na mashapo kuachwa. Watu wameniuliza kama wanaweza kuitia kwenye pombe. Hapana. Jelatini ya dukani ni rahisi na ni chakula.

Je, wajua kwamba Thika maji huchemka kabla ya nyuzi 100? Mji uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka karibu na nyuzi 95. Kwa hiyo chemsha maji ya kimea kwa nguvu, saa nzima, bila kufunika kabisa. Protini nyingi huganda na kujitenga hapo sufuriani, kabla hata hujafikiria king'arishi.

Je, wajua kwamba kuna bia ambazo kuzing'arisha ni kuziharibu? Busaa, mbege ya Wachaga yenye ndizi na ulezi, ajon ya Wateso: uzito wake ndio chakula chake. Hazikutengenezwa kuangaliwa dhidi ya taa. Wateso huketi kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu wenye kichujio kilichosukwa ncha ya chini. Kichujio kiko kwenye mrija wa mnywaji badala ya kuwa kiwandani. Ni ubunifu niuheshimuo kuliko tangi lolote la chuma.

Kiu ya bia angavu ina historia yake. Mwaka 1842 mji wa Pilsen ulitoa bia ya dhahabu inayopenya mwanga, na gilasi za bei nafuu zikaifanya rangi kuwa jambo la kujivunia. Kwetu ilifika na chupa. Ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda Ruaraka mwaka 1922, na George alipouawa na tembo mwaka uliofuata, bia ikaitwa Tusker. Lakini Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kunywa bia ya chupa nchini Kenya hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa hiyo ung'avu wa bia ulikuwa pia mpaka: yenye ukungu ya kwako, inayong'aa ya bwana. Nikisikia mtu akisema pombe ya mama yake ni chafu kwa kuwa haipitishi mwanga, najua maneno hayo yalitoka wapi.

Je, wajua kwamba kinywaji kinaweza kung'aa kama machozi na kuua? Hili nataka lisomwe mara mbili. Methanoli haina rangi, na hakuna king'arishi kinachoiondoa. Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na Mei 2014 msiba wa namna hiyo ulirudi katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwamo. Wengine walinusurika lakini wakapoteza macho. Bia inayochacha ndooni nyumbani kwa nafaka, sukari na hamira haitoi methanoli ya kutisha. Hatari huingia mtu anapokoleza pombe kwa kemikali za viwandani ili kuipa makali. Sheria ya mwaka 2010, ile watu waliyoipa jina la Mututho, ilifuta marufuku ya chang'aa na kuweka leseni na masharti ya kutengeneza na kuuza vileo. Anayetaka kuuza alichotengeneza jikoni hana njia ya mkato hapo. Na wa chini ya miaka 18 asikaribie ndoo.

Je, wajua kwamba mtama mwekundu unaweza kuwa na ukungu wa asili? Aina zake nyingine zina tanini nyingi, kiasi kwamba ndege wenyewe huzikwepa shambani. Ukizitumia, usitegemee jelatini peke yake.

Je, wajua kwamba mashapo uliyopigana nayo wiki nzima ni mali? Unapomimina, inamisha ndoo polepole na usimame ukibakisha vidole viwili chini. Tope hilo la rangi ya krimu ni hamira hai. Kama hukutia jelatini humo, litie kwenye mtungi msafi uliochemshwa, liweke friji, na ndani ya wiki moja au mbili linaweza kuchachusha ndoo nyingine. Wakikuyu walijua hili kabla ya darubini kufika. Muratina hutengenezwa kwa asali au miwa na tunda la mwegea, lile refu linaloning'inia mtini kama soseji. Tunda hupasuliwa, hukaushwa, hutiwa kwenye njohi, yaani pombe yenyewe, na njohi ikishaiva tunda hutolewa na kuanikwa juani tena, likiwa limebeba hamira ndani ya nyuzi zake. Linaning'inizwa juu ya mahali pa moto, kavu na jepesi, hadi siku ya ruracio, sherehe ya mahari, ijayo.